Mkono Unaotunza Muda: Hotuba kwa Wanaoanza Gitaa

Ndugu zangu, vijana, wazazi mliowasindikiza watoto, na ninyi wazee mlioamua kwamba safari hii hamuahirishi tena: karibuni, na asanteni kwa kuja na magitaa yenu. Nimeombwa nieleze mambo ambayo mtu anayeanza anapaswa kuyajua. Nitayataja machache tu, na moja kati yake nitalirudia mpaka mnichoke.

Lenyewe ni hili. Tangu mlipoketi nimekuwa nikiwatazama mnavyoshika magitaa, na karibu kila mmoja wenu macho yako kwenye mkono wa kushoto. Siwalaumu. Mkono wa kushoto ndio unaouma, ndio wenye michoro vitabuni, na mpigaji akipigwa picha huo ndio unaoonekana unafanya maajabu. Lakini aliye chumba cha pili hauoni. Yeye anasikia mapigo, na mapigo yanatoka mkono wa kulia. Ukikosea kordi moja, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, katikati ya wimbo huku mkono wa kulia unaendelea na safari yake, wasikilizaji wengi hawatajua. Ukizipata kordi zote sawasawa lakini kila unapobadilisha unasita kidogo, hata mtoto aliyekuwa akicheza atasimama akuangalie.

Kwa hiyo mkono wa kulia ndio wa kwanza kufundishwa. Na nikisema wa kulia nina maana ya mkono unaocharaza, yaani unaopitishwa juu ya nyuzi ili zilie. Wanaotumia kushoto wageuze maneno yangu, nitawafikia baadaye.

Kwanza gitaa lenyewe, na nitalipitia upesi kwa sababu hapa watu hupoteza miezi wakibishana badala ya kupiga. Kuna gitaa la nyuzi za nailoni, kuna la nyuzi za chuma lisilohitaji umeme, na kuna la umeme. La nailoni lina shingo pana na nyuzi laini kwenye ngozi. Umbo lake la leo linatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya fundi Mhispania, Antonio de Torres, wa karne ya 19. La nyuzi za chuma lina sauti kali zaidi, na linauma zaidi. La umeme, lililoanza kuuzwa nchini Marekani miaka ya 1930, ndilo linaloudekeza mkono wa kushoto kuliko yote, maana nyuzi zake ni nyembamba na zimelala karibu na shingo. Wapo wanaoshikilia kwamba lazima mtu aanze na gitaa kavu, lisilo la umeme, ili vidole vikomae ndipo aruhusiwe kugusa la umeme. Sijawahi kuona faida ya masharti hayo. Anza na gitaa linalopiga muziki unaoupenda, kwa kuwa hilo ndilo utakalolichukua jioni ukiwa umechoka.

Ila kagueni kitu kimoja. Vile vyuma vilivyokatiza shingo vinaitwa freti. Zihesabu kuanzia upande wa kichwa mpaka ufike ya 12, kisha utazame nafasi iliyopo kati ya uzi mnene na chuma hicho. Kwa nyuzi za chuma, milimita 2.5 hadi 3 ni sawa; kwa nailoni inaweza kukaribia 4. Ukikuta nafasi inayopitisha penseli, gitaa hilo litakutesa bure. Nimekutana na watu wengi walioambiwa hawana kipaji, na ukilishika gitaa lao unakuta hata mzoefu angetokwa jasho. Fundi anaweza kulishusha. Mpelekeeni kabla hamjaanza kujilaumu.

Tuje kwenye kutyuni, yaani kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila moja itoe sauti yake sahihi, na hapa nitakaa kidogo. Usifanye mazoezi hata ya dakika tano kwenye gitaa ambalo halijatyuniwa. Sikio lako linajifunza wakati wote, hata usipolituma, na ukililisha sauti zilizopinda litazizoea.

Nyuzi ni sita. Ukilipakata gitaa, ule mnene ulio juu, karibu na uso wako, ni wa sita; ule mwembamba wa chini kabisa ni wa kwanza. Hesabu hiyo huwachanganya watu, basi izoeeni leo. Kuanzia mnene kwenda mwembamba, nota zake ni E, A, D, G, B na E tena. E ya chini hutetema kama mara 82 kwa sekunde, na E ya juu karibu mara 330, ambayo ni mara nne zaidi. Kila idadi ya mitetemo inapoongezeka maradufu tunapanda oktavu moja, kwa hiyo E hizo mbili zimeachana kwa oktavu mbili, na ndiyo maana sikio linazitambua kuwa ndugu. Jambo hilo hilo mnaweza kuliona kwa macho kwenye gitaa: freti ya 12 iko katikati kabisa ya uzi, na ukiubana hapo, nusu inayobaki inatetema maradufu ya uzi mzima.

Tyuna ya kubana kichwani mwa gitaa, au programu ya simu, itawaambia kama mmefika. Itumieni bila aibu. Lakini jifunzeni pia njia ya sikio, kwa sababu betri huisha. Bana uzi wa sita kwenye freti ya 5: nota inayotoka ni A, sawa na uzi wa tano ukiachwa wazi. Kaza au legeza ule wa tano mpaka zilingane. Kisha freti ya 5 ya uzi wa tano inakupa wa nne, na ya wa nne inakupa wa tatu. Hapo kuna kona: kutoka wa tatu kwenda wa pili, bana freti ya 4, si ya 5. Halafu wa pili kwenda wa kwanza unarudi freti ya 5. Ukimaliza, freti ya 5 ya uzi wa kwanza itakuwa ile A ya mitetemo 440 ambayo wanamuziki wengi duniani huilenga wanapotyuni vyombo vyao.

Mnapolinganisha nyuzi mbili, zipigeni kwa pamoja kisha mnyamaze. Zikiwa zimekaribiana bila kulingana, mtasikia sauti inavimba na kunywea, inavimba na kunywea. Kadiri zinavyosogeleana, kule kuvimba kunapungua kasi, na zikifika pamoja kunatoweka. Hiki ndicho kitu cha kusikiliza. Wengi hujaribu kukisia kama uzi uko juu au chini na wanakata tamaa, kumbe ishara ipo wazi ndani ya sauti yenyewe.

Na uzi ukipita nota yake, usiushushe ukaishia hapo. Ulegeze mpaka uwe chini kidogo, halafu uupandishe. Ukimalizia kwa kukaza, meno ya ufunguo wa kichwani, ule unaokazia uzi, yanakuwa yameshikana na uzi hautateleza baadaye. Nyuzi mpya zitaendelea kunyooka kwa siku chache, msidhani gitaa ni bovu. Kumbukeni pia kwamba nyuzi sita za chuma zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu inayozidi kilo 60, usiku na mchana, na mbao inayovutwa hivyo huitikia joto na unyevu. Usiliache juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Haya, mkono wa kulia.

Zoezi la kwanza halina kordi hata moja. Lazeni vidole vya mkono wa kushoto juu ya nyuzi zote bila kubana, ili nyuzi zisilie. Mkicharaza mtasikia mkwaruzo mkavu tu. Sasa hesabuni kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, na kwa kila hesabu mkono ushuke. Mkono ukishuka lazima upande, hilo halina mjadala, basi tuipe ile safari ya kupanda jina lake: tutasema "na". Moja na mbili na tatu na nne na. Kushuka kwenye namba, kupanda kwenye "na". Kwa sasa kupiga ni wakati wa kushuka tu. Wakati wa kupanda mkono unapita hewani bila kugusa kitu.

Kanuni ya mkono huu ni moja: hausimami. Unashuka na kupanda kwa mwendo ule ule, upige nyuzi usipige. Mdundo wa wimbo unapatikana kwa kuchagua safari zipi ziguse nyuzi na zipi zipite patupu. Anayeanza hufanya kinyume: mkono unagonga, unasimama kufikiri, unagonga tena, na kila kusimama ni shimo. Ukiutoa mkono kwenye mwendo wake ili usubiri, umeshapoteza muda, na kuurudisha ni kubahatisha.

Chukueni mfano wa mdundo ambao mtaukuta kwenye nyimbo nyingi mno. Piga moja ukishuka. "Na" ya moja iache ipite. Piga mbili ukishuka, na "na" yake ukipanda. Tatu, sikilizeni vizuri, mkono unashuka lakini haugusi. Kisha "na" ya tatu unapiga ukipanda, nne unapiga ukishuka, na "na" ya nne ukipanda. Kwa kifupi: chini, chini-juu, juu-chini-juu. Utamu wote uko kwenye ile tatu isiyopigwa. Mwili wa msikilizaji unaitegemea, haupewi, na papo hapo unapewa ile ya "na". Mkono wako ukisimama kwenye tatu, utamu unakufa. Ukipita hewani kama kawaida, mdundo unajiimba wenyewe.

Fanyeni hivyo kwa nyuzi zilizozibwa mpaka mnaweza kuongea na mtu huku mkono unaendelea. Nasema kuongea kwa sababu hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Mtu anayeweza kumjibu mwenzake alikoweka funguo, na mdundo usiyumbe, mkono wake umeshajua kazi.

Metronomu, kile chombo kinachogonga mapigo kwa kasi ile ile, nayo msiikwepe. Iwekeni kwenye mapigo 60 kwa dakika, pigo moja kila sekunde, na mtashangaa jinsi ilivyo vigumu. Kwenda polepole ni kazi kuliko kwenda haraka, kwa kuwa kati ya pigo na pigo kuna nafasi kubwa ya kupotea. Vijana watataka kuanzia 120. Waacheni, watarudi.

Kama unatumia piki, kile kipande chembamba cha kuchapia nyuzi, ishike kati ya kidole gumba na ubavu wa kidole cha shahada, ncha itokeze kidogo tu. Iliyo nyembamba, ya milimita 0.6 au 0.7 hivi, inasamehe zaidi mtu anayecharaza. Mwendo utoke kwenye kifundo cha mkono kilicholegea, kiwiko kikisaidia kwa mbali. Bega likianza kuuma, unafanya kazi ambayo haikuombwa.

Sasa naweza kuugeukia mkono wa kushoto, na sitaudharau, maana huko ndiko watu wanakoachia njiani.

Vidole vina namba: cha shahada ni 1, cha kati 2, cha pete 3, cha mwisho 4. Kucha za mkono huu ziwe fupi. Gumba likae nyuma ya shingo, vidole vikunjike ili ncha zake ndizo ziguse nyuzi, na uzi ubanwe karibu kabisa na freti, kwa upande wa kichwani, bila kuikanyaga freti yenyewe. Ukibana mbali na freti utahitaji nguvu nyingi zaidi kupata sauti ile ile, na bado uzi unaweza kuungurumia chuma. Fanyeni jaribio hili: bana uzi kwa nguvu zako za kawaida, piga, kisha punguza nguvu kidogo kidogo huku unaendelea kupiga. Mahali sauti inapoanza kukwaruza, ongeza kiasi kidogo. Hiyo ndiyo nguvu inayohitajika. Karibu kila anayejaribu anagundua alikuwa akikaba gitaa kama mwizi.

Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida na yana mwisho. Ngozi hukomaa baada ya wiki kadhaa za mazoezi ya kila siku, na ukiacha kupiga kwa muda mrefu inalainika tena. Dakika 15 asubuhi na 15 jioni zinaikomaza kuliko saa tatu za siku moja, ambazo zitakuacha na malengelenge. Lakini tofautisheni maumivu ya ngozi na maumivu ya kifundo, ya kiganja au ya mkono wa juu. Haya ya pili si ya kuvumilia. Ukiyasikia weka gitaa chini, pumzika, na kabla ya kurudi angalia kama kifundo chako kimepinda sana. Mara nyingi dawa ni kuinua shingo ya gitaa kidogo.

Kordi ya kwanza ninayowapa wageni ni E-maina, na sababu ni ya kivivu kabisa: inahitaji vidole viwili. Kidole 2 uzi wa tano freti ya 2, kidole 3 uzi wa nne freti hiyo hiyo, na nyuzi zote sita zinapigwa, hakuna wa kukwepa. Ongezeni kidole 1 kwenye uzi wa tatu freti ya 1, mnapata E-meja. Ule uzi mmoja umebadilisha huzuni kuwa uchangamfu. Sikilizeni mara kadhaa kabla ya kuendelea, kwa kuwa tofauti hiyo ya maina na meja mtaishi nayo.

Kisha chukueni lile umbo zima la E-meja, vidole vitatu bila kuvipanga upya, mlihamishe uzi mmoja kuelekea chini, upande wa nyuzi nyembamba. Sasa kidole 1 kiko uzi wa pili, cha 2 uzi wa nne na cha 3 uzi wa tatu. Hiyo ni A-maina. Na kutoka A-maina kwenda C-meja, vidole 1 na 2 havitoki kabisa; cha 3 pekee kinaruka kutoka uzi wa tatu freti ya 2 hadi uzi wa tano freti ya 3. Mnaona? Michoro ya vitabuni inaonyesha kordi kama picha zisizojuana, kila moja ndani ya kisanduku chake. Mkononi zina undugu, na kazi ya anayejifunza ni kuutafuta undugu huo kabla ya kutafuta mwendo kasi.

Mfano mwingine. G-meja ina namna kadhaa za kushikwa. Mimi hupenda kuifundisha kwa vidole vinne: cha 2 uzi wa sita freti ya 3, cha 1 uzi wa tano freti ya 2, cha 3 uzi wa pili freti ya 3, na cha 4 uzi wa kwanza freti ya 3. Mwanzoni inaonekana nzito kuliko ile ya vidole vitatu. Lakini tazameni D-meja: kidole 3 kiko uzi wa pili freti ya 3, mahali pale pale. Kwa hiyo ukitoka G kwenda D, kidole 3 kinabaki kimesimama kama mhimili na vingine vinazunguka kuja upande wake. Ukiwa na mhimili huhitaji kutazama.

Zoezi la kubadilisha ni hili: chagua kordi mbili tu, weka saa dakika moja, hesabu umebadilisha mara ngapi. Andika. Kesho rudia. Usiangalie kama ni nyingi au chache. Linganisha na ya jana. Na hapa mkono wa kulia unarudi kudai chake, maana baada ya hapo unaweka metronomu na unacharaza mapigo manne kwenye kordi moja, manne kwenye nyingine. Kama vidole vya kushoto havijafika, mkono wa kulia haungoji. Piga nyuzi wazi, piga zilizofika nusu, piga mkwaruzo, lakini pigo la kwanza la kordi mpya lipigwe kwa wakati wake. Mwanafunzi akisimamisha muda ili vidole vijipange, anavifundisha vidole kwamba kuchelewa kunaruhusiwa. Akiacha muda uende, vidole vinalazimika kuufukuza, na siku moja vinaufikia. Na ukikuta vinaachwa kila mara, punguza mapigo ya metronomu. Kusita ndiko nisikokuruhusu.

Mtu ataniuliza zinahitajika kordi ngapi. Tatu zinafika mbali sana. Chukueni G, C na D. Ndani ya G kuna nota G, B na D. Ndani ya C kuna C, E na G. Ndani ya D kuna D, F-shapu (F iliyopandishwa freti moja) na A. Ziwekeni pamoja: G, A, B, C, D, E, F-shapu. Hizo ni nota zote saba za skeli, yaani ngazi ya nota, ya G-meja. Kwa hiyo wimbo wowote unaokaa ndani ya skeli hiyo, nota yake yoyote itapata kordi inayoibeba miongoni mwa hizo tatu. Ndivyo ilivyo pia kwa A, D na E katika skeli ya A. Siyo kwamba watunzi ni wavivu. Hesabu yenyewe inatosha, na sikio linaridhika.

Na kama wimbo uko chini mno kwa koo lako, usilazimishe koo. Funga kapo, kile kibanio cha shingoni, kwenye freti ya 2, piga maumbo yale yale ya G, C na D, na sasa yanalia A, D na E. Kila freti ni nusu toni. Wapo wanaoiona kapo kuwa ni ujanja wa wasiojua. Waacheni waimbe kwa kukoroma.

F-meja ya kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja naijua, mmeniandikia maswali yake. Jibu langu: si ya mwezi wa kwanza. Kwa sasa pigeni F ndogo ya nyuzi nne, ambamo kidole 1 kinalala juu ya nyuzi mbili nyembamba tu kwenye freti ya 1, cha 2 uzi wa tatu freti ya 2, cha 3 uzi wa nne freti ya 3. Ile kubwa itakuja, na itakuja kwa kuvuta mkono mzima nyuma kwa uzito wake, wala si kwa kukamua gumba.

Nimewaahidi wanaotumia kushoto. Mna njia nne, na tatu za kwanza zimewahi kupitiwa na watu wakubwa. Unaweza kununua gitaa la kushoto. Unaweza kufanya kama Jimi Hendrix, kuligeuza la kulia na kupanga nyuzi upya ili mnene ubaki juu. Au unaweza kufanya kama Elizabeth Cotten, aliyeligeuza bila kubadilisha nyuzi, akapiga besi kwa vidole na melodia kwa gumba, na mtindo wake ukaja kuigwa na wenye mkono wa kulia. Njia ya nne, ya kujifunza kwa mkono wa kulia tu kama wengine, nayo inafaa kwa baadhi, kwa kuwa mikono yote miwili inaanza ikiwa haijui kitu. Jaribuni kucharaza hewani bila kufikiri: mkono uliojitokeza wenyewe kutunza mdundo, huo upeni kazi ya mdundo.

Na yeyote anayeleta kisingizio cha vidole, vifupi, vinene, vizito, amtafute Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, aliungua kwenye moto, na vidole viwili vya mwisho vya mkono wake wa kushoto vikabaki karibu havina kazi. Alijifunza upya, akawa anapiga solo zake kwa vidole viwili, na hadi leo wapiga gitaa wenye vidole vinne wanahangaika kumfuata. Upande wa mkono wa kulia tunaye Mwenda Jean Bosco wa Kongo, ambaye mtafiti wa muziki wa Afrika, Hugh Tracey, alimrekodi mwaka 1952. Alidonoa nyuzi moja moja kwa gumba na kidole cha shahada tu, lakini ukimsikiliza ungeapa kuna magitaa mawili: gumba linashikilia besi bila kuyumba, kidole kinaimba juu yake. Nawasihi mumsikilize mkiwa mmefumba macho na mfuate gumba pekee, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Maana kudonoa nako kunafuata sheria ile ile. Gumba linachukua nyuzi tatu nene, wa sita, wa tano na wa nne, kutegemea kordi. Kidole cha shahada kinachukua uzi wa tatu, cha kati wa pili, cha pete wa kwanza. Anza na gumba peke yake, moja, mbili, tatu, nne, mpaka liwe halihitaji kusimamiwa. Vidole vingine vinakuja baadaye, kimoja kimoja, kama wageni katika nyumba ambayo tayari ina mwenyewe.

Kuhusu kusoma: ile chati ya nyuzi yenye mistari sita, inayoitwa tabo, mstari wa chini kabisa ni uzi mnene na wa juu ni mwembamba, kinyume na unavyoliona gitaa ukilipakata. Namba juu ya mstari ni freti. Sifuri ni uzi wazi. Inatosha kwa sasa. Haikuambii muda vizuri, ndiyo maana lazima usikie wimbo kwanza. Nota za kawaida jifunzeni mkipata nafasi, hazina uadui na mtu.

Jambo la mwisho ni la nyumbani. Usilifungie gitaa kwenye mfuko wake chini ya kitanda. Liweke mahali unapopita. Jirekodi kwa simu, kwa sababu ukiwa unapiga huwezi kujisikia sawasawa, na sikiliza ile rekodi ukitafuta kitu kimoja tu: mahali muda unapoyumba. Na tafuta mwenzako wa kupiga naye hata kama nyote hamjui. Metronomu inakuonyesha kosa, lakini mwenzako anakutazama, na huwezi kumsimamisha mtu katikati ya wimbo kila unapotafuta kordi.

Mpaka tutakapokutana tena nataka vitu vitatu. Ule mdundo wa chini, chini-juu, juu-chini-juu kwenye nyuzi zilizozibwa, kwa mapigo 60, huku mkiweza kunijibu nikiwauliza jambo. Pili, E-maina na A-maina, mapigo manne manne, bila kusita. Tatu, wimbo mmoja mnaoupenda wenye kordi mbili au tatu. Si lazima muujue bado, leteni tu jina lake. Ambaye hatapata nafasi ya yote afanye la kwanza. Sasa fungueni mifuko ya magitaa, tuanze na uzi wa sita. Wenye tyuna wasaidie wasio nayo.